Gari la Sodnom

Nilikuwa mpokea simu wa kijiji chetu cha wilaya kwa miaka ishirini na miwili, na nyumba yangu na ya Yanjmaa zilitenganishwa na ua wa mbao tu. Mengi ya haya niliyaona kwa macho yangu. Mengine alinieleza mwenyewe miaka ya baadaye, tulipokuwa tukikaa pamoja kuchambua sufu.

Yanjmaa aliletwa kwetu na cherehani. Shirika la wafugaji lilikuwa na karakana ya nguo, wanawake sita na cherehani sita, na yeye ndiye aliyekuwa mkataji. Ungempa ngozi ya kondoo iliyojaa matundu ya kupe, akaigeuzageuza kwenye mwanga wa dirisha bila kusema neno, kisha akatia mkasi, na koti likatoka bila tundu hata moja, na mabaki yakatosha kofia ya mtoto. Aliolewa na Damdin, dereva wa lori la shirika, mtu mrefu, mcheshi, aliyependa kusikika kila alipoingia. Walipata binti mmoja, akakua, akaenda mji mkuu na kubaki huko.

Shirika lilipovunjwa, kila mtu alipewa fungu lake. Wengine walipata mbuzi, wengine farasi. Damdin alipata sanduku la spana. Warusi waliokuwa wakituletea magari walikuwa wameshaondoka na spea zao, na lori la barua, ambalo ndilo lililotuunganisha na soko la mji mkuu, lilichukua siku nne kufika wakati wa kiangazi. Wakati wa baridi, mbingu ndiyo iliyojua. Kitu kikiharibika, ama ukitengeneze wewe mwenyewe, ama ukae bila hicho kitu.

Hapo ndipo mkasi wa Yanjmaa ulipoingia kwenye magari. Kiwambo cha pampu ya mafuta kikipasuka, alikata kingine kutoka shingo ya buti kuukuu, na gari likawaka. Gasketi, zile karatasi ngumu za kuzibia maungio ya injini, alizikata kwenye majalada ya madaftari ya shule, akazilowesha kwenye mafuta usiku kucha. Damdin alifunga springi iliyovunjika kwa ngozi mbichi ya ngamia, maana ikikauka hubana kuliko chuma. Rejeta ikivuja walitia kiganja cha unga. Majiko waliyashona vitako kwa bati na misumari ya mbao za kreti, mabirika waliyaziba kwa risasi iliyoyeyushwa, na kiti cha daktari wa mifugo walikirudishia mguu uliotokana na jembe. Watu wa wilaya tatu walimjua Damdin. Kuna waliosema angeweza kumfufua farasi aliyekwisha kuliwa.

"Kitu hakitupwi mpaka kife mara tatu," Damdin alipenda kusema. "Mara ya kwanza kinatania. Mara ya pili kinadeka."

Yanjmaa alikuwa chini ya gari pamoja naye kila siku, akimshikia taa, akimpa spana kabla hajaitaja. Hakuna aliyemhesabu kuwa fundi, na yeye mwenyewe hakujihesabu.

Sodnom alikuwa mdogo wake. Mama yao alikufa Sodnom akiwa na miaka sita, na Yanjmaa akamlea kwa mkono wake. Alikua akawa kijana mpole, mwenye kucheka kwa pua, akaoa msichana wa bonde la pili, akajinunulia jipu la Kirusi lililokuwa limeshazunguka nchi nzima kabla ya kumfikia. Kila mara lilikuwa uani kwa dada yake, likifungwa hiki, likizibwa kile.

Mwaka huo, mwezi wa kumi na moja, mkewe alijifungua katika hospitali ya mkoa. Nilipokea mimi hiyo simu. Mtoto wa kike, wote wazima, mume aje kuwachukua. Nilipita kwenye ua kumpa habari, nikamkuta Sodnom amechuchumaa kando ya jipu lake, anatafuna jibini kavu, na miguu minne imetokeza chini ya gari.

"Usukani unacheza," akaniambia. "Nauzungusha, gari linafikiri kwanza, ndipo linakata kona."

Nilimwambia habari. Akacheka kwa pua, akapangusa uso kwa mkono wa koti, akasema tena na tena, "Wa kike, eh? Wa kike." Kisha akainama kuwaambia walio chini. "Dada, umesikia? Nataka niondoke kesho asubuhi."

Walikuwa wamefungua kichwa cha tairodi, kile kiungo kinachoshika gurudumu lifuate usukani. Ndani yake mna gololi kubwa ya chuma inayozunguka katika kikombe chake. Yanjmaa alikuwa amekishika kile kikombe, akipitisha kidole gumba kwenye mdomo wake kama apitishavyo kwenye ngozi.

"Hiki kimekwisha," akasema. "Mdomo umekuwa mwembamba kama ukucha."

"Nipe bati," Damdin akasema.

"Damdin, nakwambia kimekwisha. Kinachoizuia gololi isitoke ni huu mdomo."

"Na mimi nakwambia nipe bati. Tangu lini cherehani ikaufundisha usukani?"

Sodnom akaingilia kati. "Msigombane kwa ajili yangu. Niambieni tu, naenda au siendi?"

"Unaenda, shemeji. Mtoto wa kwanza hasubirishwi." Damdin alitoka chini ya gari mgongo ukiwa umejaa vumbi, akakata kipande cha kopo la maziwa, akakikunja, akakitia ndani ya kikombe nyuma ya gololi, akakaza kifuniko mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Akaushika usukani, akauchezesha. Haukucheza tena. Akampiga Sodnom begani. "Hiyo tairodi itaishi kuliko wewe."

Yanjmaa alitema mate pembeni mara tatu, kuyafukuza yale maneno. Mimi na Sodnom tulicheka.

Asubuhi yake Yanjmaa alitoka na bakuli la maziwa kumnyunyizia msafiri, kama tufanyavyo. Nilikuwa nachota samadi kavu ya kuwashia moto, nikawasikia. Alikuwa ameegemea dirisha la gari.

"Uendeshe polepole, mdogo wangu."

"Kwani kuna nini?"

Alitazama maziwa bakulini.

"Kuna barafu," akasema.

Sodnom akatia gea. Yanjmaa akachovya kidole kwenye maziwa na kuyarusha nyuma ya magurudumu, mara moja, mara mbili, mara tatu, na jipu likapanda kuelekea mlimani.

Simu ililia saa saba mchana. Alikuwa mtu wa kituo cha barabara, upande wa pili wa mlima. Gari lilikuwa limetoka njiani kwenye kona ya tatu chini ya rundo la mawe la kileleni, limebiringika mpaka kwenye kijito, na dereva alikuwa ameshakata roho walipomfikia. Alinisomea namba ya gari, ingawa sikuihitaji. Nilitembea kwenda kwa jirani nikiwa nimeshika daftari la simu mkononi, sijui kwa nini. Damdin alikuwa mlangoni. Nilimwambia yeye kwanza. Yanjmaa alikuwa ndani akikanda unga, na nadhani alisikia sauti ya mumewe ilivyokatika, maana alitoka na mikono yake imejaa unga, akatutazama, kisha akarudi ndani akaketi chini.

Damdin alikwenda na wanaume kumleta marehemu. Aliporudi hakusema alichokiona. Mazishi yakapita. Mkewe Sodnom alitoka hospitali na mtoto wa siku kumi, ndugu zake wakaja kumchukua moja kwa moja kutoka huko, wakampeleka kwao. Hakupita kwetu, na hakuna aliyemlaumu. Baada ya wiki mbili trekta lililivuta jipu hadi uani kwa Yanjmaa, paa limebonyea hadi kwenye viti, pua iko nzima. Likaachwa pale kando ya ghala la samadi.

Siku hiyo hiyo Damdin alitoa kitu kifuani mwa koti lake na kukiweka mezani mbele ya mkewe. Kilikuwa kile kikombe. Mdomo wake ulikuwa umepasuka upande mmoja, na kipande cha bati kilikuwa bado kimo ndani, kimekunjika.

"Gololi ilitoka," akasema. "Ni mimi."

Yanjmaa alikichukua akakigeuza kwenye mwanga. "Nilijua," akasema. Akakirudisha mezani.

Hawakusema zaidi, siku hiyo wala miezi iliyofuata. Mimi niliyasikia haya baadaye; wakati ule nilichokuwa nasikia kupitia ua wa mbao ni kimya tu, na vishindo vya mlango.

Damdin aligeuka mtu mwingine. Alibeba sanduku lake la vipande, karibu miaka ishirini ya nati, mipira na vichwa vya pampu, akalimimina katika kisima kilichokauka nyuma ya shule. Mtu akija na kitu kibovu, alikiangalia kwa mbali, mikono mgongoni, akasema, "Hiki kimekufa. Nunua kipya."

"Kaka Damdin, ni kibati tu hapa pembeni."

"Nunua kipya."

Mwalimu mkuu alimletea birika linalovuja. Akaambiwa anunue jipya. "Hata birika?" mwalimu akauliza. "Hata birika." Mwanzoni watu walimhurumia. Baadaye wakachoka. Dukani kwetu kulikuwa na chumvi, vodka na viberiti. Hicho kipya angekinunua wapi mtu? Waliokuwa na ujasiri wakaanza kujishonea wenyewe, vibaya, na waliokosa ujasiri wakakaa na baridi. Damdin akawa mteja mzuri wa lile duka.

Kisha ikaja baridi ya mauaji.

Theluji ilianguka mapema, ikayeyuka siku moja, ikaganda usiku wake, na nchi yote ikafunikwa na barafu ngumu kama sahani. Kondoo hawakuweza kuchimba wapate majani. Baridi ilishuka mpaka mate yakaganda kabla ya kufika chini. Sisi tuna jina la majira kama hayo, tunayaita zud, na wazee hawapendi kulitamka ndani ya nyumba.

Choijil alikuwa mfugaji wa Bonde la Mierebi, safari ya siku nzima kwa farasi. Alikuwa na kondoo na mbuzi mia nne, mke, na mama mkwe asiyeona. Kiangazi alikuwa amekata nyasi na kuzirundika mbali, kwenye malisho ya ng'ambo ya mto, akitegemea kuzibeba kwa gari lake, lile la Kirusi lenye umbo la mkate, ambalo injini yake ni sawa na ya jipu. Katikati ya majira hayo, siku ya pili ya tufani kubwa, pampu yake ya maji ilikwama, mhimili ukalika, maji yakamwagika na kuganda juu ya feni. Aliifungua, akaitia kwenye gunia, akaja nayo juu ya farasi kupitia tufani. Masikio yake yalikuwa meupe alipofika.

Niliingia kwa akina Yanjmaa nyuma yake, kwa sababu alikuwa ameanzia kwangu, akimuulizia Damdin. Alipewa chai ya maziwa yenye chumvi. Akaitoa pampu, akaiweka juu ya gunia.

Damdin hakuigusa. "Imekufa. Agiza mpya."

"Kaka, barabara imefungwa. Lori la barua halijapita tangu mwezi uliopita."

"Basi subiri lipite."

"Wanakulana sufu," Choijil akasema. Alisema taratibu, kama mtu anayetaja hali ya hewa. "Kondoo. Wanatafunana sufu migongoni. Nikichelewa wiki sina kitu. Nitengenezee hata ya kwenda safari tatu. Ulinitengenezea ile ya kwanza, ukanichongea kwa mfupa, ikaenda mwaka."

"Wakati ule nilikuwa mjinga."

Choijil aligeuza bakuli lake mkononi. Aliangalia dirishani, kule uani, mahali ambapo pua ya jipu ilitokeza kwenye theluji. Alijua hapaswi kusema, na akasema. "Pale nje kuna injini kama yangu."

Damdin akasimama. "Toka."

"Sikusema kwa ubaya, kaka."

"Ile ni maiti. Hakuna atakayeikatakata. Toka nyumbani kwangu, Choijil."

Yanjmaa alikuwa akikata tambi za unga. Kisu chake hakikusimama hata mara moja.

Tufani ilimzuia Choijil kurudi. Alilala kwangu siku mbili, hakula, akatazama dirisha. Asubuhi ya tatu upepo ulitulia na jua likatoka, lile jua la baridi linaloangaza bila kupasha. Nilipita kwenye ua, nikamkuta Yanjmaa anatoa majivu.

"Choijil bado yuko kwangu," nikamwambia. "Anataka kuondoka hivi hivi."

"Alipotoka nyumbani walikuwa wamekufa wangapi?"

"Anasema hamsini."

Alisimama na koleo la majivu. "Nisubiri," akasema. Akaingia, akatoka amevaa koti la kazi la mumewe, spana tatu mfukoni, na karai kuukuu mkononi. "Nijazie samadi, uiwashe."

Sikuwahi kumwona mwanamke akifungua injini peke yake, na sikujua nitazame wapi. Alifyagua theluji kwa mkono wa koti, akafungua kifuniko cha injini cha gari la mdogo wake, akasukuma karai la moto chini ya nati zilizoganda. Tukangoja. Moshi ulitupiga machoni. Alivua glavu ya kulia kwa sababu spana haikushika vizuri, na ngozi ya vidole vyake ikanata kwenye chuma. Aliivuta, ikabaki huko. Alilegeza mkanda, akatoa feni, akaanza bolti za pampu, moja baada ya nyingine, akinipa kila moja niishike ndani ya kiganja isipotee kwenye theluji.

Damdin alitokea mlangoni akiwa na soksi tu.

"Nani amekupa ruhusa?"

"Ni gari la mdogo wangu," Yanjmaa akasema bila kugeuka. "Wa kunipa ruhusa ni yeye."

Damdin alisimama pale kwa muda mrefu kuliko baridi ile inavyomruhusu mtu. Kisha akarudi ndani akaufunga mlango.

Pampu ilitoka. Yanjmaa aliushika mhimili akautikisa, akaisogeza karibu na sikio, akautikisa tena. Alituita mimi na Choijil ndani kwangu, akatoa mkasi wake, akaomba daftari. Nilimpa jalada la daftari la simu la mwaka uliopita. Alikata gasketi mbili, moja ya kufunga, moja ya akiba, akazipaka mafuta ya kondoo kwa kuwa hatukuwa na mengine.

"Sikiliza," akamwambia Choijil. "Ilibiringika pamoja na gari, mhimili unacheza. Shika hapa. Unausikia?"

"Nausikia."

"Itakupeleka safari tatu. Labda ya nne, labda isiwe. Ikianza kupiga kelele kama bata, ujue imekwisha, usiendelee kwa kuwa eti umekaribia. Usibebe mtu. Usiende mahali ambapo huwezi kurudi kwa miguu."

"Dada, unanitisha."

"Nakuambia ilivyo."

Aliondoka saa hiyo hiyo. Habari zake zilitufikia baada ya siku kumi na nne. Alibeba nyasi safari ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alikwenda ya nne. Pampu ikapiga kelele ng'ambo ya mto, ikasaga, ikasimama, naye akarudi kwa miguu kilomita kumi na nane. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikatwa. Katika mifugo mia nne walibaki sitini na mmoja. Wengine aliwakuta wameganda wamesimama, wameegemeana, na ilibidi awasukume ndipo waanguke.

Nilimsikia mtu pale dukani, wakati wa masika, akimwambia Choijil kwamba Yanjmaa ndiye aliyemkosesha vidole. Choijil alikasirika, yeye ambaye si mtu wa hasira. "Aliniambia tatu, labda nne," akasema. "Nilikwenda ya nne nikijua."

Jioni ya ile siku aliyoitoa pampu, Yanjmaa alizungumza na mumewe. Alinisimulia maneno hayo kama yalivyokuwa, miaka mingi baadaye, na nayaandika kama nilivyoyasikia.

Damdin alikuwa amelala kitandani, uso ukutani. Yanjmaa alikuwa akifunga vidole vyake kwa kitambaa. Akasema, "Tumetia mabati mangapi, wewe na mimi, tangu shirika livunjwe? Watu wanatembea nayo mpaka leo."

Damdin alivuta blanketi mpaka sikioni.

"Aliniuliza kuna nini. Nilikuwa nimekishika kile kikombe kwa vidole hivi. Nikamwambia kuna barafu. Angejua, labda angengoja. Labda angekwenda kwa farasi. Labda angekwenda vile vile na kufa, lakini ingekuwa safari yake. Mimi niliogopa usije ukaaibika mbele ya jirani."

"Unataka kunipunguzia," Damdin akasema ukutani.

"Sikupunguzii. Nachukua la kwangu."

Alisema alingoja aone kama atageuka. Hakugeuka.

Masika, mizoga ilipoanza kunuka mabondeni na watu waliopoteza kila kitu wakaanza kuhamia mji mkuu, Damdin aliondoka pamoja nao. Alikwenda kwa binti yao, akapata kazi ya kulinda ghala. Yanjmaa hakwenda. Watu walisema wameachana. Yeye alisema mumewe yuko mjini. Alikaa huko miaka miwili, akarudishwa amevimba tumbo, ini limekwisha. Yanjmaa alimuuguza kiangazi kizima. Walikuwa wakikaa nje, Damdin kwenye kigoda amejifunika blanketi, mkewe chini ya gari la mtu, na mara nyingine alinyosha mkono kumpa spana. Siku moja nilimsikia akisema, "Huo mpira umekwisha," na Yanjmaa akamjibu kutoka chini, "Nimeuona." Alikufa kabla ya theluji ya kwanza. Sijui kama walisameheana. Nilimuuliza mara moja Yanjmaa, akasema alikuwa na mengi ya kufua siku zile.

Kazi ilimfuata hata kabla hajazikwa mumewe. Mwanzoni watu walimletea majiko na mabirika, wakiona aibu kumpa gari. Kisha wakaleta magari. Alishona, akaziba, akakata gasketi, kama zamani. Kinachovuja alikiziba. Lakini alikuwa na mambo ambayo hakuyagusa: kinachogeuza gari, kinachosimamisha gari, na bomba la moshi la jiko. Hayo akiyakuta yamekwisha alisema yamekwisha, na mwenye mali angeweza kubembeleza mpaka jua lizame. Jipu la Sodnom lilizidi kupungua pale uani. Leo kabureta, kesho mlango, keshokutwa springi. Kila kipande alikitoa mwenyewe, na kila aliyekichukua aliambiwa kina nini na kitakwenda kiasi gani. Mwisho ilibaki fremu, na mchimba kisima akaja kuiomba, akapewa.

Wengi hawakumpenda kwa hilo. Mtu akija kutengenezewa, anataka pia atiwe moyo, na Yanjmaa hakuwa na moyo wa kumtia mtu. Wengine walimwita Bibi Imekwisha.

Mara ya mwisho nilipokuwa nyumbani kwake, kabla sijahamia kwa mwanangu, alikuja dereva mmoja kijana aitwaye Tuvden, mwenye maneno mengi. Wiki moja kabla alikuwa amemletea gari lenye mpira wa breki uliopasuka, akataka aufunge kwa waya avuke mlima na abiria wanne. Yanjmaa alikuwa amekataa, akawaambia na wale abiria wanne, mmoja mmoja, kwamba mpira umekwisha. Wawili walishuka. Tuvden akaufunga mwenyewe na waya, akaondoka na waliobaki. Sasa alikuwa amerudi, amesimama mlangoni, kofia imelazwa kisogoni.

"Haya, bibi, nimefika na nimerudi. Mlima wote, kwenda na kuja. Waya haukusogea hata unywele. Umenikosesha abiria wawili bure."

"Nashukuru umefika," Yanjmaa akasema.

"Kwa hiyo unakubali ulikosea?"

"Nilikuambia umekwisha. Sikukuambia utakufa." Alisogea kwenye benchi kumpisha, vidole vyake vya mkono wa kulia vikiwa vimepinda kama vilivyobaki tangu ile baridi, akatafuta bakuli safi. "Karibu chai."

Tuvden alinitazama mimi, kisha bakuli. Akavua kofia, akaingia, akaketi.